Maswali ya Wasomaji: Diski ya Nje Inayoifaa Kompyuta Yako Mpakato

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya toleo hili zinahusu diski za nje: ipi inunuliwe, iwe na ukubwa gani, na kwa nini iliyokwisha kununuliwa haifanyi kazi kama mnunuzi alivyotarajia. Kwa kuwa maswali hayo yanashikana, tumeyapa safu nzima, na tumeyafupisha pale ilipolazimu bila kubadili maana yake.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, na kompyuta yangu mpakato ina nafasi ya gigabaiti 256 ambayo imejaa kiasi kwamba hata masasisho ya Windows yanashindwa kuingia. Fedha niliyoweka akiba inatosha kununua diski ya kawaida inayozunguka ya terabaiti 2, au SSD ya nje, yaani diski ya chipu isiyozunguka, ya gigabaiti 500. Wenzangu wananishauri nichukue iliyo kubwa. Je, wako sahihi?

JIBU: Ndugu mwanafunzi, wenzako wameanzia mahali pasipofaa. Linalotangulia ukubwa ni kujua diski hiyo itafanya kazi gani. Diski ya nje hufanya moja kati ya kazi mbili: ama inakuwa makazi ya faili ambazo hazimo tena ndani ya kompyuta, ama inatunza nakala ya faili ambazo bado zimo. Maelezo yako yanaonyesha kwamba unataka ya kwanza, yaani unataka kuhamisha vitu ili kompyuta ipumue, na hilo lina maana kwamba utaifungua diski hiyo kila siku na utatembea nayo.

Diski inayozunguka ina sahani nyembamba zilizopakwa utando wa sumaku, na katika diski ndogo za inchi 2.5, ambazo ndizo zinazouzwa kwa ajili ya kompyuta mpakato, sahani hizo kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Juu ya sahani huelea kichwa cha kusomea na kuandikia, na nafasi iliyopo kati ya kichwa na sahani ni nanomita chache tu, ndogo kwa maelfu ya mara kuliko unene wa unywele. Diski inapozimwa, kichwa hicho huenda kuegeshwa mahali salama, na kwa sababu hiyo diski iliyoanguka ikiwa imezimwa ina nafasi nzuri ya kupona. Ikianguka au kugongwa wakati sahani zinazunguka, kichwa kinaweza kuukwaruza utando, na kilichokwaruzwa hakirudi. SSD haina kitu chochote kinachozunguka. Data hukaa ndani ya chipu, na mtikisiko wa kawaida wa mkoba hauisumbui.

Tofauti ya pili ni kasi. Diski inayozunguka ya ukubwa huo huhamisha faili kubwa kwa takriban megabaiti 100 hadi 140 kwa sekunde, wakati SSD za nje za kawaida hufikia 400 hadi 1,000. Video zenye jumla ya gigabaiti 50 zitachukua kama dakika 7 kwenye ya kwanza, na chini ya dakika 2 kwenye SSD inayofikia megabaiti 500. Mtu mvumilivu anaweza kusema dakika 5 si kitu, nami ningekubaliana naye kama faili zote zingekuwa kubwa. Shida ya kweli huonekana kwenye folda yenye maelfu ya faili ndogo ndogo, kama picha za simu au kazi za programu, kwa sababu kichwa hulazimika kuruka kutoka sehemu moja ya sahani hadi nyingine kwa kila faili, na kasi inaweza kushuka hadi megabaiti chache tu kwa sekunde.

Tena lipo jambo ambalo maboksi ya diski hizi mara nyingi hayalisemi. Ili kupata nafasi kubwa kwenye sahani chache, diski nyingi ndogo za sasa huandika data kwa mistari inayopandana kama vigae vya paa. Kusoma hakuathiriki, lakini kubadilisha mstari mmoja hulazimisha ile iliyoupanda iandikwe upya pia, na matokeo yake ni kwamba diski huanza kazi kwa kasi nzuri, kisha baada ya gigabaiti kadhaa inazubaa. Kwa mtu anayeandika mara moja na kuhifadhi, hilo halina madhara. Kwa mtu anayefungua, kurekebisha na kufuta kila siku, ni kero isiyokwisha. Haki inanitaka niseme kwamba SSD za bei ya chini nazo zina tabia inayofanana, hasa zile ambazo kila seli ya chipu hubeba biti nne: sehemu ya mwanzo ya kazi huenda kwa kasi iliyotangazwa, na akiba ya haraka, yaani sehemu ya chipu inayopokea data kwa kasi, ikijaa, kasi hushuka sana.

Kwa matumizi uliyoyaeleza, ningechukua SSD ya gigabaiti 500. Imezidi kwa karibu mara mbili nafasi yote uliyo nayo sasa, na itastahimili maisha ya mkobani. Ila kama kinachokujazia kompyuta ni filamu na mihadhara iliyorekodiwa ambayo unaitazama mara moja moja, na diski itakaa mezani, basi ile ya terabaiti 2 inakufaa. Vyovyote utakavyoamua, tasnifu na kazi zako za masomo zibaki ndani ya kompyuta na pia kwenye diski. Hizo hazichukui nafasi ya kuogopesha, na hazistahili kuwa mahali pamoja tu.

SWALI: Nimenunua diski iliyoandikwa terabaiti 1, lakini kompyuta inaonyesha gigabaiti 931. Muuzaji anasema ni kawaida. Je, amenidanganya?

JIBU: Hajakudanganya. Watengenezaji huhesabu terabaiti 1 kuwa baiti 1,000,000,000,000, lakini Windows hugawanya idadi hiyo kwa 1,073,741,824, ambayo ni 1,024 iliyozidishwa kwa yenyewe mara tatu, kisha huandika jibu kwa jina lile lile la gigabaiti. Baiti zote zipo. Kwa hesabu hiyo, diski ya gigabaiti 500 itaonyesha takriban 465, na ya terabaiti 2 itaonyesha 1.81. Kompyuta za Apple zilianza kuhesabu kama watengenezaji wanavyohesabu mwaka 2009, na ndiyo maana diski hiyo hiyo ukiichomeka huko utaona terabaiti 1 kamili. Unaponunua, toa kichwani mwako karibu asilimia 7 kwa diski inayoonyeshwa kwa gigabaiti, au karibu 9 kwa inayoonyeshwa kwa terabaiti, na usipange kuijaza yote.

SWALI: Ndugu Mhariri, nilinunua SSD ya nje ambayo boksi lake linaahidi megabaiti 1,000 kwa sekunde. Ninapohamisha faili kubwa napata 40 tu. Tundu la kompyuta yangu ni lile dogo la mviringo la USB-C, na waya ninaotumia ni ule wa kuchajia simu kwa sababu ule wa diski ni mfupi mno. Je, diski ni mbovu?

JIBU: Diski yako ni nzima; waya ndio unaokukwamisha. Umbo la USB-C halisemi lolote kuhusu kasi. Waya nyingi za kuchajia simu hubeba umeme mwingi lakini data zinaibeba kwa kiwango cha USB 2.0, kilichotoka mwaka 2000, ambacho mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde. Baiti moja ina biti nane, kwa hiyo hizo ni megabaiti 60 kwenye karatasi, na katika kazi halisi hubaki 35 hadi 40, yaani hasa unachokiona. Rudisha ule waya mfupi uliokuja na diski.

Hata hivyo, kabla msomaji mwingine hajalipia kasi kubwa, achunguze tundu la kompyuta yake, kwa sababu mlolongo mzima, yaani diski, waya na tundu, huenda kwa kasi ya kiungo kilicho dhaifu zaidi. USB 3.0 ya mwaka 2008 ina gigabiti 5 kwa sekunde, na SSD iliyochomekwa hapo itatoa takriban megabaiti 400 hadi 450. Ili kufikia 1,000 unahitaji tundu la gigabiti 10. Majina yamebadilishwa mara nyingi mno, kiasi kwamba ile ile USB 3.0 iliwahi kuitwa USB 3.1 Gen 1 na baadaye USB 3.2 Gen 1, na ninaona mabadiliko hayo hayakumtendea haki mnunuzi. Puuza majina, tafuta gigabiti: 5, 10, 20 au 40. Namba hiyo imeandikwa kwenye kurasa za maelezo ya kompyuta yako, na wakati mwingine kando ya tundu lenyewe.

Hapo kwenye 20 pana mtego. Diski zinazotangaza megabaiti 2,000 kwa sekunde kwa njia ya USB 3.2 Gen 2x2 zinahitaji tundu la aina hiyo hiyo, na kompyuta nyingi mpakato hazina. Ukiichomeka kwenye tundu lisiloitambua njia hiyo, itashuka hadi gigabiti 10, na utakuwa umelipia nusu usiyoipata. Kwa diski inayozunguka, suala hili lote halina uzito: tundu la gigabiti 5 linaizidi mbali, na hakuna sababu ya kuongeza fedha kwa ajili ya tundu la juu zaidi.

SWALI: Diski yangu inayozunguka, ya inchi 2.5, hutoa mlio wa tiki tiki na kujikata yenyewe ninapoichomeka kwenye kigawanyio cha USB chenye matundu manne. Nifanye nini?

JIBU: Ichomoe kwenye kigawanyio na uichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta kwa waya wake mfupi. Diski za ukubwa huo hupata umeme kutoka kwenye tundu pekee, na wakati wa kuanza kuzungusha sahani hutaka umeme mwingi kuliko baadaye. Tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500, na la USB 3.0 miliampea 900. Kigawanyio kisicho na chaja yake hugawanya kiasi hicho kwa vyote vilivyochomekwa. Mlio ukikoma, tatizo lilikuwa umeme. Kwa wanaotaka diski ya kukaa mezani, zipo zile kubwa za inchi 3.5 ambazo huja na adapta yake ya umeme, na kwa kila terabaiti kwa kawaida huwa nafuu zaidi, ila hazifai kubebwa.

Mlio ukiendelea hata kwenye kompyuta nyingine na waya mwingine, basi kichwa cha diski kinashindwa kusoma, na kila dakika ya kuiwasha inaweza kuwa dakika ya kuiharibu zaidi. Usiendeshe programu za kukarabati diski, kwa sababu hizo huisoma yote na kuandika juu yake. Ikiwa bado inafunguka, nakili kwanza folda ambayo hutaki kabisa kuipoteza, kisha inayofuata kwa umuhimu, wala usianze na iliyo kubwa. Ikiwa haifunguki na vilivyomo vina thamani kwako, izime na uipeleke kwa wataalamu wa kuokoa data. Usikubali mtu yeyote aifungue diski kwenye meza ya kawaida, kwa maana chembe ya vumbi ni kubwa kuliko ile nafasi iliyo chini ya kichwa.

SWALI: Nyumbani tuna kompyuta ya Windows na ya Apple, na tungependa diski moja itumike kwenye zote mbili. Tulipoichomeka kwenye ya Apple, faili zilionekana lakini hazikukubali kubadilishwa. Je, tuna diski isiyofaa?

JIBU: Diski inafaa, ila mpangilio wake wa faili ni NTFS, ambao ndio wa Windows. macOS, yaani mfumo wa kompyuta za Apple, huusoma lakini haiandiki juu yake bila programu ya ziada. Hamishieni vilivyomo mahali pengine, kisha muifomati upya kwa mpangilio wa exFAT, ambao mifumo yote miwili huusoma na kuuandika, na ambao mfumo wa Linux nao umeupokea tangu toleo la 5.4 la mwaka 2019. Msiende kwenye FAT32 hata kama mtu atawaambia kwamba inakubalika kila mahali, kwa sababu haipokei faili moja iliyofikia gigabaiti 4, na video ndefu huzidi hapo kwa urahisi.

exFAT ina udhaifu unaopaswa kujulikana mapema: haitunzi kumbukumbu ya kazi iliyokuwa ikiendelea, kama NTFS inavyofanya, hivyo kuichomoa diski ghafla katikati ya kuandika kunaweza kuharibu zaidi ya ile faili moja iliyokuwa ikiandikwa. Itoeni kwa amri ya kuiondoa kila mara, hata kama mna haraka. Nyumba yenye mfumo mmoja tu haina haja ya exFAT; ibaki na NTFS, au APFS ambao ni mpangilio wa Apple, kulingana na kompyuta iliyopo.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mpiga picha za harusi. Kazi zangu zote za miaka iliyopita zipo kwenye diski moja ya terabaiti 4 ambayo inakaribia kujaa. Nimepanga kununua nyingine ya terabaiti 5 ya kampuni yenye sifa nzuri zaidi, nihamishie kila kitu, kisha ya zamani niiuze ili kupunguza gharama. Ni kampuni gani unayoiamini?

JIBU: Ndugu mpiga picha, nakusihi usiuze diski hiyo. Swali lako kuhusu kampuni ni la haki, lakini jibu lake halitakulinda. Diski zinazozunguka duniani leo hutengenezwa na kampuni tatu tu, yaani Seagate, Toshiba na Western Digital, na nembo nyingine unazoziona kwenye maboksi huwa zimefunika diski ya mojawapo ya hizo. Kampuni zote tatu hutoa diski zinazodumu miaka kumi na diski zinazokufa kabla ya mwaka kwisha, na hakuna sifa ya jina inayoweza kukuambia ni ipi uliyoshika mkononi. Dhamana nayo hulipia kifaa. Hairudishi picha hata moja.

Hatari yako ni kwamba picha hizo zipo mahali pamoja. Harusi haipigwi picha mara ya pili, na bibi harusi akirudi kwako baada ya miaka minane kwa sababu yake zimepotea, atakuwa amekuja kwa mtu wa mwisho anayeweza kuwa nazo. Ukihamisha kila kitu kwenye diski mpya na kuuza ya zamani, utakuwa umebadilisha diski moja kwa diski moja. Tena kufuta faili kabla ya kuuza hakuziondoi kwenye sahani. Mnunuzi mwenye programu ya kurejesha faili anaweza kuzitazama picha za wateja wako.

Wapo wanaofuata kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh, mtu wa kazi yako, inayotaka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja kati yake ikae mbali na nyingine. Huenda huwezi kuitimiza yote leo, lakini hatua ya kwanza iko ndani ya bajeti yako: nunua hiyo ya terabaiti 5, nakili kila kitu, na ya zamani ibaki kuwa nakala ya pili ya kazi zilizokwisha. Ukipata fedha tena, nunua nyingine ya terabaiti 5 ichukue nafasi ya ile ya zamani. Ningependelea diski mbili zinazozunguka za kawaida kuliko SSD moja ya fahari kwa ajili ya ghala lako, kwa sababu kazi zilizokwisha hazihitaji kasi. SSD ndogo itakufaa kwa harusi unayoihariri wiki hii.

Jinsi ya kuzitunza ni muhimu kama kuzinunua. Diski hizo mbili zisichomekwe kwenye kompyuta kwa wakati mmoja ila pale unaponakili, kwa sababu hitilafu ya umeme, au programu haribifu zile zinazofunga faili na kudai fedha, hufika kwenye kila kilichochomekwa. Zisikae kwenye mkoba mmoja, na ikiwezekana moja ilale katika nyumba nyingine. Usitegemee programu inayofananisha folda mbili papo hapo kana kwamba ni nakala ya akiba, kwa kuwa folda uliyoifuta kwa bahati mbaya upande mmoja itafutwa upande wa pili pia. Baada ya kunakili, fungua picha kadhaa kutoka mwanzo, katikati na mwisho wa kila kazi, uhakikishe zinafunguka. Na kadi ya kamera isifutwe mpaka picha ziwe zimefika mahali pawili.

SWALI: Mtandaoni kuna SSD ya terabaiti 16, ndogo kama kiberiti, kwa bei iliyo chini ya ile ya diski ya terabaiti 1. Maoni ya wanunuzi ni mazuri. Niichukue?

JIBU: Usiichukue. Diski ndogo zinazozunguka zilikaa kwenye kikomo cha terabaiti 5 kwa miaka mingi na zikafikia 6 mwaka 2024. Chipu za terabaiti 16 kwa bei hiyo hazipo. Ndani ya kifaa cha namna hii mara nyingi huwa mna kadi ndogo ya kumbukumbu au flashi, na programu yake ya ndani imebadilishwa ili iitangazie kompyuta ukubwa wa uongo. Ukatili wake ni kwamba haikatai faili. Inapokea kila kitu, na majina ya faili huonekana vizuri, lakini nafasi halisi ikijaa, zinazofuata huandikwa juu ya zilizotangulia au hutupwa tu. Mnunuzi hugundua siku anapofungua picha. Hii ndiyo sababu maoni yanakuwa mazuri: watu huyaandika siku ya kwanza, kabla hawajafika kwenye mpaka.

Aliyekwisha kununua diski asiyoiamini anaweza kuipima ikiwa tupu kwa programu inayoijaza yote na kusoma tena ilichoandika. H2testw hufanya kazi hiyo kwenye Windows, na F3 kwenye Linux na macOS, zote bila malipo. Upimaji wa diski kubwa unaweza kuchukua siku nzima, lakini jibu lake ni la uhakika.

SWALI: Kompyuta yangu ya zamani imekufa, lakini diski yake bado ni nzima. Je, naweza kuigeuza kuwa diski ya nje?

JIBU: Unaweza, na ni uamuzi mzuri. Yanauzwa makasha matupu yenye kiunganishi cha USB ambayo diski huingizwa ndani yake bila ufundi mwingi. Kwanza itambue diski: ikiwa ni ya inchi 2.5, kwa kawaida inatumia kiunganishi cha SATA, na kasha lake ni rahisi kupatikana. Pima unene tu, kwani zipo za milimita 7 na za 9.5. Ikiwa ni kipande chembamba kama ubao mdogo, hiyo ni M.2, na hapo soma lebo yake kwa makini, kwa sababu zipo za SATA na za NVMe, na kasha la moja si lazima liikubali nyingine.

Kabla ya kuikabidhi jambo lolote la maana, ipime afya. Programu kama CrystalDiskInfo husoma kumbukumbu ambazo diski yenyewe huzitunza. Ukiona idadi ya sekta (vipande vidogo vya diski vinavyotunza data) zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa si sifuri, na hasa ukiona inaongezeka kila unapoitazama, itumie kubebea faili ambazo zipo pia mahali pengine, basi.

SWALI: Ninabeba taarifa za wateja wangu kwenye diski ya nje. Nikiipoteza njiani, atakayeiokota ataweza kuisoma?

JIBU: Ataisoma, mama yangu, isipokuwa uwe umeisimba, yaani umezigeuza data zake kuwa fumbo lisilosomeka bila nenosiri. Nenosiri la kuingilia kwenye kompyuta halina kazi yoyote kwa diski iliyochomekwa kwenye kompyuta nyingine. Windows katika toleo la Pro ina BitLocker, na diski iliyofungwa kwa BitLocker hufunguka pia kwenye toleo la Home kwa mwenye nenosiri. macOS inakuruhusu kuchagua usimbaji wakati wa kufomati. Kwa anayetumia mifumo tofauti, VeraCrypt ni ya bure na hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Nenosiri na ufunguo wa dharura uviandike na kuviweka mahali pasipo na diski hiyo, kwa maana ukivipoteza hakuna fundi wala kampuni itakayokufungulia.

Wakati wa kununua utakutana na diski zenye usimbaji wa ndani, unaofanywa na chipu ya diski yenyewe. Hizo ni nyepesi kutumia, lakini katika baadhi yake ufunguo umefungamana na ubao wa umeme wa diski, na ubao ukiungua, kuziokoa data kunakuwa kugumu mno. Kwa taarifa za wateja ningekubali hatari hiyo endapo tu ipo nakala nyingine, nayo pia imesimbwa.

SWALI: Nataka kuweka kumbukumbu za familia kwenye SSD, niifungie kabatini kwa miaka mingi. Ni wazo zuri?

JIBU: Si zuri sana. Chipu za SSD hutunza data kwa chaji ya umeme, na chaji hiyo huvuja polepole kifaa kikikaa bila umeme, upesi zaidi penye joto na kwa SSD iliyochakaa. Kiwango kilichowekwa na JEDEC, chombo cha viwango vya vifaa vya aina hii, kinaitaka SSD ya mtumiaji wa kawaida ambayo imemaliza kiasi chake cha kuandikwa itunze data kwa mwaka 1 bila umeme katika nyuzijoto 30. SSD mpya hukaa na data kwa muda mrefu zaidi ya huo, lakini kwa kufungiwa kabatini diski inayozunguka inafaa zaidi, na ina nafasi kubwa kwa fedha ile ile. Nunua mbili, kila moja ikae kwenye kabati la nyumba tofauti, na mara moja au mbili kwa mwaka zichomekwe, sahani zizunguke, na faili chache zifunguliwe. Itakayoanza kusitasita ibadilishwe wakati ile ya pili bado ni nzima.